Kabla ya Kuigusa Kabureta, Sikiliza Gari Linazimaje

Marehemu baba aliniachia Corolla ya mwaka 1982, injini ya 4K, ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Miaka yote ilikuwa Dar es Salaam na haikuwahi kumsumbua. Nilipoileta Mbeya ndipo matatizo yakaanza. Asubuhi za Juni hapa Uyole inashika kwa choki (inayobana hewa ili injini baridi ipate petroli zaidi), ukirudisha choki tu, inazima. Nikivuka tuta, inazima. Nikasema ni baridi, nitazoea.

Siku moja nateremka kutoka Ntokela kuelekea Kiwira, ukungu umefunga, nikakanyaga klachi nirudi gia ya pili. Injini kimya. Breki ya kwanza ikashika. Ya pili, pedali ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe, na mbele yangu kuna lori la ndizi. Nilisimama pembeni mikono ikitetemeka, mtoto wangu kiti cha nyuma ananiuliza tumefika?

Hili naliweka mwanzoni kwa sababu linaua. Magari haya yana busta ya breki inayotegemea mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Injini ikisimama, akiba iliyobaki ni ya kukanyaga mara moja au mbili. Kwa hiyo likizima mteremkoni, usipige breki mara nyingi nyingi. Kanyaga mara moja, kaza, shikilia. Achia klachi gari likiwa kwenye gia, maana magurudumu yataizungusha injini na mara nyingi itashika yenyewe. Na ufunguo usiurudishe hadi mwisho: usukani ukijifunga, umekwisha.

Baada ya hapo nilipita kwa mafundi watatu. Kila mmoja alifungua boneti na kwenda na bisibisi moja kwa moja kwenye kabureta. Nikanunua plagi, nikanunua koili, nikauziwa hata kabureta ya mtumba. Hakuna aliyeniuliza gari linazima wakati gani.

Wa nne alikuwa mzee mmoja wa Mwanjelwa. Nilimwamkia, akaitika, akaegemea gari bila kufungua kitu.

“Mwanangu, linazima ghafla kama umezima swichi, au linasuasua kwanza?”

“Ghafla, mzee. Lakini likiwa kwenye mwendo halina shida.”

“Ukilishikilia na resi linakaa?”

“Linakaa.”

“Basi petroli inafika na moto wa plagi upo. Kilichokosekana ni sailensa, injini kuunguruma yenyewe bila kukanyaga resi.”

Maswali hayo mawili ndiyo ninayowapa watu wote wanaonipigia simu. Likikatika ghafla katikati ya mwendo, na taa za dashibodi zinacheza, anza na umeme unaotoa cheche za plagi: waya wa koili, pointi, kondensa. Kondensa mbovu ina tabia ya kukata injini ikipata joto na kurudi ikipoa. Likisuasua, likamisi, likakosa nguvu mlimani halafu likazima, hiyo ni petroli haitoshi. Hapo angalia filta, pampu, na mfuniko wa tangi. Ukifungua mfuniko ukasikia tangi linavuta hewa kwa nguvu, tundu lake la kupumulia limeziba, na pampu inavuta isiweze. Kabureta yangu ina kioo kidogo ubavuni kinachoonyesha kiwango cha petroli. Kabla ya kufungua chochote, tochi na kioo hicho vinatosha kukuambia kama petroli inafika.

Langu lilikuwa kundi la tatu: linakaa na resi, linakataa sailensa. Mzee aliwasha swichi bila kupiga stata, akachomoa na kurudisha waya mmoja wa valvu ya umeme iliyo ubavuni mwa kabureta. Hiyo ndiyo inayofungua njia ya petroli ya sailensa. Ilipaswa kulia “tik”. Kimya. Kichwa cha waya kilikuwa na kutu ya kijani na kimelegea, ndiyo maana matuta yalikuwa yanalizima. Akakisugua kwa msasa, akakibana kwa koleo. Tik.

Kama ingelia na sailensa bado haipo, angefuata jeti ya sailensa, kile kitundu kinachopitisha petroli ya sailensa. Ipulize kwa upepo wa kompresa. Usiitoboe kwa waya, ni shaba laini, ukiipanua tundu umeiharibu moja kwa moja. Kisha kagua mipira ya hewa, hasa unaokwenda kwenye busta. Nyunyizia maji kidogo maungioni injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, hapo panavuta hewa.

Ila bado choki ya asubuhi ilikuwa inasumbua. Mzee alitoa plagi, zote nyeusi masizi matupu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 15. Kabureta iliyopangwa pwani inamimina petroli ileile kwenye hewa pungufu, injini inazama kwenye petroli. Hii sijawahi kusikia muuzaji wa gari akimwambia mtu.

Marekebisho hufanywa injini ikiwa ya moto, choki imerudi yote. Geuza skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa kidogo kidogo ukiingiza mpaka injini ianze kutetemeka, kisha rudisha mpaka itulie vizuri. Usiikaze hadi mwisho kwa nguvu, ncha yake itaharibu kiti chake ndani ya kabureta. Halafu weka sailensa. Langu linatulia kwenye mizunguko 750 kwa dakika. Baada ya wiki plagi zilikuwa na rangi ya kahawia.

Nikishuka Kyela kukaa siku kadhaa, kule ni mita 500 hivi karibu na Ziwa Nyasa, naifungua skrubu robo mzunguko. Nikirudi naifunga hapa Uyole kabla injini haijapoa.