Maswali yenu: jiko la udongo ni la nani hasa?

Wiki hii mmeuliza sana kuhusu jiko la mkaa, lile la bati lenye udongo ndani, nayajibu moja moja.

Shemeji yangu anabisha eti jiko hili limetoka Asia. Si la Kenya?

Wote mko sawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya walivutiwa na jiko la Thailand, kama ndoo hivi, bati nje na udongo ndani kuanzia juu mpaka chini. Huku tulikuwa na la bati tupu, joto jingi linatokea ubavuni, unapika maharage na miguu yako unaipika. Sasa hawakulichukua kama lilivyo, walibakiza udongo nusu ya juu tu penye moto, ukiwa na matundu yake ya kupitisha hewa, na chini pakabaki bati la kupokea majivu. Likawa jepesi, na mkaa likala kidogo kuliko lile la bati tupu. Pia kazi ikagawanyika, mfinyanzi anafinyanga na kuchoma udongo, fundi bati anakunja bati, kila mtu na ujuzi wake.

Mbona limebanwa kiunoni?

Sababu kubwa ni ugali, dada. Ukisonga unalisukuma jiko kwa nguvu zote, na kitu chembamba chini kama ndoo kinayumba, uji wa moto ukikumwagikia ni hatari kabisa. Ndo maana chini wamepanua. Juu nako pamepanuka ili udongo ukae kama bakuli, usidondoke. Mimi hapa ndo naona akili yenyewe ilipo, maana kupima joto unaweza kupimia popote lakini jiko likiyumba anayejua ni yule anayesonga, na akisikilizwa jiko linakuwa bora, asiposikilizwa linabaki stoo.

Kuchukua kitu cha watu ukakibadilisha kidogo si wizi?

Hapana ndugu yangu. Namba tunazoandika zilianza India, mtaalamu wa hesabu al-Khwarizmi akaziandikia kitabu kule Baghdad karne ya 9, mwaka 1202 Mwitaliano Fibonacci akazieleza kwa Wazungu, na sisi sifuri tunaiita kwa jina la Kiarabu mpaka leo. Nani hapo mwizi? Hata jiko lenyewe hakuna aliyelifungia hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kulitengeneza, mafundi wa Shauri Moyo na Gikomba kule Nairobi walilitengeneza, mwingine akaangalia akaenda kutengeneza lake, bei ikashuka. Kinachoniuma ni mtu kuiga halafu akaficha alikoiga.

Limefika wapi na wapi?

Tanzania, Uganda, Rwanda, na Ethiopia wanalo la kwao linaitwa Lakech.

Langu limepasuka mwezi wa pili tu, si bora nirudi kwenye bati?

Usirudi. Kwanza, je ulilimwagia maji kuzima mkaa? Udongo wa moto ukikutana na maji baridi unapasuka hapohapo. Toa mkaa kwa koleo uuzimie pembeni, jiko liache lipoe lenyewe. Likiwa jipya anza na moto mdogo mdogo siku za mwanzo. Na kama limepasuka kweli usilitupe lote, bati likiwa zima mpelekee fundi akuwekee udongo mpya, ila kabla hujalipa uugonge udongo huo kwa kidole, uliochomwa vizuri unalia kama kigae, ambao haujaiva unatoa sauti ya tope.