Jibu: Mkaguzi anayetegemea ada ya mteja mmoja hulegeza wapi?

Mkuu, umeuliza kama mkaguzi wa nje anayetegemea ada ya mteja mmoja anaweza kudhoofisha tahadhari kwenye hesabu, yaani kutokuza faida wala kuficha hasara. Anaweza, na ulegevu huanzia kwenye makadirio. Salio la benki lina barua ya uthibitisho. Tengo, yaani kiasi kinachotengwa kufidia hasara inayotarajiwa, la madeni mabaya au bidhaa zilizododa ghalani hutegemea maamuzi ya watu. Menejimenti ikidai mdaiwa aliyekaa siku 180 bila kulipa atalipa, mkaguzi anayeogopa kumpoteza mteja hukubali bila kudai ushahidi wa malipo yaliyoingia baada ya mwaka kufungwa. Hasara inasukumwa mwaka ujao, faida inaonekana leo.

Kanuni za IESBA, bodi ya kimataifa ya viwango vya maadili ya wahasibu, zinaweka kikomo: ada za kampuni yenye maslahi ya umma (kama benki au iliyoorodheshwa soko la hisa) zikizidi 15% ya mapato ya mkaguzi kwa miaka 2 mfululizo, lazima apime kama mapitio ya mhasibu wa nje yatapunguza hatari. Hali ikifika miaka 5, kwa kawaida anaachia ukaguzi.

Ila usitazame kampuni nzima ya ukaguzi tu; tazama pia ofisi inayomhudumia mteja. Mwaka 2000 Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilimlipa mkaguzi wake Arthur Andersen dola milioni 52, na milioni 27 hazikuwa za ukaguzi. Kwa Andersen yote ilikuwa sehemu ndogo ya mapato. Kwa ofisi yake ya Houston, Enron alikuwa mteja mzito mno.

Kwa hiyo, tenganisha ada ya ukaguzi na ya ushauri, kisha linganisha tengo la mwaka jana na madeni yaliyofutwa mwaka huu. Tengo likipungua kila mwaka huku ada za ushauri zikipanda, ibane kamati ya ukaguzi ya bodi kwa maswali.