Nairobi hadi New York ni saa ngapi hewani?

Ndugu yangu, umeuliza mama atakaa saa ngapi kwenye ndege kutoka Nairobi hadi New York. Akipanda ile ya moja kwa moja ya Kenya Airways, iliyoanza Oktoba 2018, ni kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Umbali ni ule ule, kilomita 11,800 hivi, ila upepo wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, basi kurudi anasukumwa.

Kinachochanganya watu ni saa. Tuseme anaondoka saa sita usiku. Baada ya saa 15, Nairobi ni saa tisa alasiri, lakini New York ndiyo kwanza saa mbili asubuhi (wako nyuma saa 7, na msimu wa baridi 8). Kwa hiyo usiogope ukiona tiketi kana kwamba safari ni ya saa 8 tu!

Ndege za kuunganisha, mathalani kupitia Doha, huzidi saa 20 ukijumlisha kusubiri. Kwa mzee, mie ningelipia ya moja kwa moja. Mwambie achague kiti cha pembeni mwa njia, ainuke kunyoosha miguu.