Kabla hujaandika "haijirudii" kwenye tiketi

Wiki hii nimepitia tiketi 11, yaani taarifa za kasoro za programu, zilizofungwa na vijana wetu wapya wa kutesti. 4 kati ya hizo zina neno moja tu la maelezo: "haijirudii", yaani nimejaribu tena, kasoro sikuiona. Chai ikanipoa mkononi. Wadogo zangu, nawapenda na mna akili kali kuliko sisi tulivyoanza, lakini neno hilo nalijua kwa machungu.

1. Kasoro iliyotokea mara moja imetokea. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa testa, mjaribu programu, wa mfumo mmoja wa malipo kwa simu hapa Dar. Mteja anaweka salio, anabonyeza Lipa, hela inakwenda kwa muuzaji. Jumatano moja mchana nilitoka kula kwa mama lishe, nikalipa sahani yangu kwa simu ya majaribio. Shilingi 3,000 zikakatwa mara mbili. Nikarudi ofisini, nikakaa mezani kwenye waifai, nikarudia malipo yale yale mara 20. Kimya. Nikaandika "haijirudii", nikafunga tiketi. Toleo lilikuwa linatoka Ijumaa, na developa, mwandishi wa programu, aliyehusika alikuwa rafiki yangu. Sikutaka kuwa mimi ninayemkwamisha.

Jumatatu asubuhi dada wa huduma kwa wateja akanipa simu yake nisikilize mwenyewe. Mama mmoja anayenunua samaki soko la Feri: "Mwanangu, mzigo nimelipa mara moja, hela imekatwa mara mbili. Mtaji wote umo humo." Sauti haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu anayeomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Ilituchukua siku 4 kumrudishia, na siku 4 hizo hakuingia mnadani. Hakuwa peke yake.

Sababu tuliipata ndani ya saa moja, tulipoamua kuitafuta. Programu ilikuwa inasubiri majibu ya seva kwa sekunde 30. Yasipofika, inatuma ombi upya yenyewe, tena kwa namba mpya ya muamala. Seva ikaona malipo mawili halali. Kwenye waifai ya ofisi majibu yalifika kabla hujapepesa macho. Kwa mama lishe, mtandao ulikuwa unasuasua. Tiketi yangu ilikuwa na saa ya tukio, saa 7:12 mchana. Ningefungua logi, kumbukumbu za seva, siku ile, ningeona maombi mawili ya mteja mmoja, kiasi kilekile, yamepishana sekunde 30 kamili. Binadamu habonyezi kwa usahihi huo. Yalikuwa yameandikwa pale tangu Jumatano, yakinisubiri.

2. Saa ya seva si saa yako. Seva zetu zinaandika UTC, saa ya pamoja ya dunia, na sisi tuko mbele yake kwa saa 3. Tukio la saa 7:12 mchana, yaani 13:12, litafute kwenye 10:12. Mwaka jana kijana mmoja alihangaika na ripoti ya mauzo ya siku isiyolingana na pesa iliyoingia, akawalaumu wahasibu wiki nzima. Siku ya seva inaisha saa 9 usiku wetu, kwa hiyo malipo ya saa 8 usiku yalikuwa yanahesabiwa jana.

3. Tiketi moja, kasoro moja.

4. "Hiyo tuliitesti toleo lililopita" sitaki kuisikia tena. Roketi ya Ariane 5 ilipasuka tarehe 4 Juni 1996, chini ya dakika moja baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako haikuwahi kuleta shida. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo. Namba ya biti 64 ikashindwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, na mfumo wa kuongoza ukazima. Programu ile haikuwa imetestiwa kwa njia ambayo roketi mpya ingepita.

5. Ingia kikao cha mahitaji, na uulize: mtandao ukikatika katikati, hela iko kwa nani? Swali hilo moja, kabla mstari wa kwanza wa msimbo haujaandikwa, lingemwokoa yule mama.

6. Testi kwenye simu ya bei nafuu iliyojaa picha.

7. Developa mgongee meza. Yule rafiki yangu aliniambia kwa upole: "Ungeniambia tu, hata kama huna ushahidi." Alirekebisha kwa nusu siku: namba ya muamala inatengenezwa mteja anapobonyeza Lipa, na seva ikiiona tena inarudisha jibu la kwanza bila kukata hela. Nilikuwa namlinda asichelewe Ijumaa, naye akalala ofisini Jumatatu.

Tiketi zenu 4 nimezifungua upya, na majina yenu yapo juu yake. Kesho saa 3 asubuhi njooni na simu za majaribio, laini za mitandao tofauti, waifai imezimwa. Tunapanda mwendokasi hadi Kimara na kurudi, tukibonyeza Lipa njia nzima.