RAM ipo, kompyuta haiitumii: maswali yenu na majibu

Safari hii maswali karibu yote yamebisha mlango mmoja: RAM (kumbukumbu ambamo programu hufanyia kazi) imeongezwa, lakini mashine haiitumii yote. Kabla ya kujibu, nami nina swali kwenu. BIOS (programu ya ndani ya mashine inayoamka kabla ya Windows) inaonyesha GB ngapi? Washa mashine, bonyeza Del au F2 (nyingine ni F10) kabla Windows haijaanza, kisha soma namba. BIOS ikiona zote, shida iko kwenye programu au mipangilio. BIOS yenyewe isipoona, usiisumbue Windows, tafuta bisibisi.

Fundi, nimeweka GB 8 kwenye Windows 10. Inaandika 8.00 GB, halafu pembeni 3.45 GB usable. Zingine zimeliwa na nani?

Hazijaliwa. Takriban hakika Windows yako ni ya biti 32. Mfumo huo huipa kila baiti namba yake, kama nyumba za mtaa zinavyopewa namba, na namba zilizopo ni 4,294,967,296 basi. Hiyo ndiyo GB 4. Nyumba za GB ya tano na kuendelea zimejengwa lakini hazina anwani, kwa hiyo hakuna barua inayozifikia. Na hizo 4 nazo hupati zote, maana kadi ya grafiki na vifaa vingine vinadai anwani zao humo humo. Ndiyo maana umebaki na tatu na ushei.

Fungua Settings, System, About, usome mstari wa "System type". Ukikuta "32-bit operating system, x64-based processor", shukuru: prosesa yako inaweza biti 64, ni aliyepiga Windows tu aliyeweka toleo lisilo lake. Hakuna kitufe cha kuigeuza. Inabidi upige Windows upya, kwa hiyo hamisha mafaili yako kwanza. Angalia pia printa na vifaa vyako vya zamani, maana draiva (programu zinazoiwezesha Windows kutumia kifaa) za biti 32 hazikubali kwenye biti 64, na kuna vifaa ambavyo watengenezaji wake hawakuwahi kuvitolea draiva mpya. Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32, kwa hiyo huko ugonjwa huu haupo.

Yangu ni biti 64. Nilikuwa na GB 8, nikaongeza 8. BIOS inasema 16, Windows inasema 16, ila zinazotumika ni 7.9. Nifanyeje?

Fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory, uangalie chini palipoandikwa "Hardware reserved". Kwa kawaida pale pana MB kadhaa, mia chache hivi. Kwako nadhani utakuta karibu GB 8 zimekaa hapo.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni mkono wa mtu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msconfig, nenda Boot, kisha "Advanced options". Kuna kisanduku cha "Maximum memory". Kuna ushauri unaozunguka siku nyingi kwamba ukikitia tiki mashine inakuwa na kasi. Si kweli. Kisanduku kile ni kizuizi: kinaiambia Windows isivuke kiasi fulani. Kama kilitiwa tiki siku ulipokuwa na GB 8, kizuizi kinabaki 8 hata ukiongeza RAM. Toa tiki, bonyeza OK, washa mashine upya.

Kama hakikuwa na tiki, rudi BIOS utafute "Memory Remap". Mashine za zamani kidogo zinayo, na ikiwa imezimwa, sehemu ya RAM iliyogongana na anwani za vifaa inapotea. Iwashe. Usipoiona, angalia kama mtengenezaji wa ubao mkuu (motherboard) ametoa BIOS mpya.

Wanaotumia bado Windows 7 wana mtego wao: hata ikiwa biti 64, Home Basic inaishia GB 8 na Home Premium GB 16. Hapo hakuna ufundi, ni mipaka ya toleo.

Yote yakishindikana, soma jibu la swali la nne. Kipande cha RAM kilichokaa vibaya huweza kuonekana kwa jina bila kutumika.

Laptop yangu ina GB 8 lakini inatumia 5.9. Imeharibika?

Haijaharibika. Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina RAM yake, inakopa ya kwako, na hapo imekopa GB 2. Kwenye BIOS tafuta "UMA Frame Buffer Size" uipunguze, ingawa laptop nyingi zimekificha kipengele hicho. Kama unacheza gemu, iache.

Nina vipande viwili, BIOS inaona kimoja tu.

Hapa ndipo penye bisibisi. Zima, chomoa waya wa umeme (laptop toa na betri kama inatoka), bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha. Toa vipande kwenye sloti (mahali vinapochomekwa). Ile sehemu ya rangi ya dhahabu isugue taratibu kwa raba laini ya penseli, na chembe za raba uzipangusie mbali na sloti. Unaporudisha kwenye kompyuta ya mezani, linganisha pengo la kipande na kijino cha sloti, kisha kandamiza kwa vidole gumba, upande huu halafu ule, mpaka kishikizo kilie ka! Watu wanaogopa kukandamiza. Mimi mwenyewe niliwahi kukesha nikigeuza mipangilio ya BIOS, kumbe kipande kimeingia upande mmoja, upande wa pili umeinuka unene wa laini ya simu.

Kikikataa bado, jaribu kimoja kimoja katika kila sloti. Kipande kinachokataa kila mahali ni kibovu. Sloti inayokataa vipande vyote ndiyo yenye shida, au kuna pini iliyopinda chini ya prosesa. Ubao wenye sloti nne una utaratibu wake: vipande viwili kwa kawaida huenda ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Na angalia kikomo cha ubao wenyewe. Wenye chipseti (chipu zinazoongoza ubao) ya H61 ya Intel, kwa mfano, hauvuki GB 16 hata ufanyeje.

Nikiongeza "virtual memory", zile GB zilizopotea zitarudi?

Hapana. Hiyo ni nafasi ya diski inayojifanya RAM, na ni ya polepole mno.

Sijafungua kitu chochote, lakini kati ya GB 8 zimeshatumika 4. Nani anazitumia?

Windows yenyewe na programu zinazojiwasha pamoja nayo. Zitazame kwenye Task Manager, sehemu ya Startup. Usiishangae na namba ya "Cached" iliyo pale: ni mafaili yaliyowekwa karibu ili yafunguke haraka, na programu ikihitaji nafasi yanaondolewa papo hapo. Wa Linux, mkiandika free -h msiangalie safu ya "free", angalieni "available".