Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya kazi ikipotea, nani anaona nini kwenye simu yako, na funguo za msimamizi

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu programu za mtandaoni ambazo ofisi hutumia kusimamia simu na kompyuta za wafanyakazi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku, nje ya ukurasa huu. Nimechagua barua tano, na palipohitaji maelezo marefu sikujibana.

Dada, naongoza ofisi ya ukaguzi wa hesabu. Afisa wetu amesahau kompyuta mpakato kwenye teksi, na ndani yake kuna mafaili ya wateja. Tunalipia programu ya kusimamia vifaa, nayo ina kitufe cha kufuta kila kitu kwa mbali. Nilikibofya jana, lakini hadi sasa kinaonyesha kwamba amri inasubiri. Je, programu ni mbovu?
*Mkurugenzi mwenye wasiwasi*

Pole sana. Programu ni nzima. Amri yako imekaa kwenye seva, na itaifikia kompyuta siku itakapowashwa na kupata intaneti. Isipopata intaneti, haitafutika kamwe. Wauzaji wa programu hizi hukisifu sana kitufe hicho, na watu wengi hukinunua wakiamini kwamba ndicho kinga yao.

Kinga yako halisi ni usimbaji fiche wa diski. Kwenye Windows unaitwa BitLocker, kwenye Mac ni FileVault. Ukiwa umewashwa, mtu anayeing'oa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine hapati kitu cha kusoma. Kwa hiyo ingia kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa msimamizi wa programu yenu, sasa hivi, tafuta kompyuta hiyo kwa jina la afisa wako, na usome mstari unaoeleza hali ya usimbaji na tarehe ambayo mashine iliripoti kwa mara ya mwisho. Hifadhi nakala ya ukurasa huo. Nchi nyingi zina sheria ya kutoa taarifa data za watu zinapovuja. Ile ya Ulaya, GDPR, inayotumika tangu 2018, inampa mhusika saa 72 kumjulisha mdhibiti, isipokuwa pale ambapo tukio haliwezi kuwadhuru wenye data. Ukurasa ule unaweza kuwa ushahidi wako mkubwa. Mwone mwanasheria leo, usingoje kesho.

Jambo la pili ni akaunti. Kubadilisha nywila ya afisa ni vizuri, lakini kompyuta ambayo imeshaingia kwenye barua pepe hubeba kibali chake, nacho huweza kuendelea kufanya kazi kwa muda hata baada ya nywila kubadilika. Kwenye usimamizi wa akaunti kuna amri ya kuwaondoa watumiaji kwenye vifaa vyote kwa pamoja. Itumie.

Na siku itakayopotea simu badala ya kompyuta, usikimbilie kufuta. Ifunge kwanza, weka kwenye skrini namba ya kupigiwa, na uangalie mahali ilipo kama mfumo wako unaruhusu. Ukishaifuta, mara nyingi umejinyima njia ya kuifuatilia. Kufuta kuje pale unapokuwa umekata tamaa ya kuipata, au unapojua kwamba imeangukia mikononi mwa mtu asiyetakiwa kuwa nayo.

Dada, mwajiri wangu anataka niweke programu ya kampuni kwenye simu yangu mwenyewe ndipo nipate barua pepe ya kazi. Naogopa atasoma WhatsApp yangu na kuangalia picha za watoto wangu. Nikatae?
*Mfanyakazi*

Hofu yako ni ya haki, ndugu yangu, na ninatamani waajiri wangeijibu kabla hawajaulizwa. Jibu linategemea njia itakayotumika kuisajili simu.

Kwenye Android kuna kitu kinachoitwa wasifu wa kazini. Simu inagawanywa pande mbili: programu za kazi zinaonekana na alama ya mkoba mdogo, zako zinabaki kama zilivyo. Msimamizi anaona aina ya simu, toleo la mfumo wake, kama ina namba ya kufungulia skrini, na programu zilizoko upande wa kazi. Haoni meseji zako, simu ulizopiga, picha zako wala tovuti unazotembelea upande wako. Ukiacha kazi anaufuta upande wa kazi peke yake. Unaweza pia kuuzima wikiendi, na arifa za ofisi zikanyamaza.

Kwenye iPhone, tangu iOS 13 (toleo la mfumo wake) la mwaka 2019, kuna usajili uliotengenezwa mahsusi kwa simu ya mtu binafsi. Kwa njia hiyo kampuni haipewi hata namba ya utambulisho ya kifaa chako, na haina uwezo wa kukifuta chote. Lakini iPhone hiyo hiyo ikisajiliwa kwa njia ya kawaida ya vifaa vya kampuni, msimamizi anaweza kuorodhesha programu ulizoweka, na anaweza kuifuta simu nzima. Hata hapo hasomi mazungumzo yako, ila picha ambazo hukuzihifadhi mahali pengine unaweza kuzipoteza.

Utajuaje? Kwenye Android, fundi akikwambia kwamba lazima simu irudishwe kwanza kama ilivyotoka kiwandani, mzuie hapo hapo. Hiyo ni njia ya simu zinazomilikiwa na kampuni, na baada yake simu yote inakuwa chini ya msimamizi. Kwenye iPhone, fungua Mipangilio, kisha sehemu ya jumla, shuka hadi kwenye VPN na usimamizi wa kifaa. Hapo utaona jina la kampuni na aina ya usajili. Soma kila skrini inayotokea wakati wa kusajili. Mimi humtaka mfanyakazi azisome kwa sauti tukiwa pamoja, tena siharakishi.

Omba maandishi ya ukurasa mmoja yanayosema kampuni itaona nini, itafuta nini na wakati gani. Mwajiri akishindwa kuyaandika, omba simu ya ofisi. Huo si ukaidi.

Ila nikuombe jambo moja. Kama umekuwa ukituma mikataba na vitambulisho vya wateja kwa WhatsApp yako binafsi, hakuna programu ya kampuni itakayovilinda huko. Vihamishie upande wa kazi.

Mfanyakazi aliondoka akaturudishia iPhone ya kampuni. Tuliifuta, sasa inadai akaunti yake ya Apple, naye hapokei simu. Tufanye nini?
*Ofisa rasilimali watu*

Hiyo ni kinga ya wizi iliyokuja na iOS 7 mwaka 2013, na haiwezi kujua kwamba ninyi ndio wenye mali. Kama simu ilisajiliwa kikamilifu kupitia Apple Business Manager, huduma ya Apple ya kusajili vifaa vya kampuni, msimamizi wenu anaweza kuifungua kutoka kwenye dashibodi. Kama haikusajiliwa, mna njia mbili: mwenyewe aiondoe kwenye akaunti yake, jambo analoweza kulifanya akiwa popote, au mwende Apple na uthibitisho wa manunuzi. Tunzeni risiti. Simu za Android nazo zina kinga ya namna hiyo, hudai akaunti ya Google iliyokuwemo. Tangu sasa mwambieni anayeondoka atoke kwenye akaunti zake mbele yenu, kabla hamjatia sahihi kwamba mmepokea kifaa.

Mimi ndiye fundi pekee wa TEHAMA hapa kwetu. Mkuu anataka kila sasisho liingie kwenye mashine zote siku linapotoka. Mimi naogopa sasisho moja bovu litatulaza wote. Nani yuko sahihi?
*Fundi*

Wote wawili, na kila mmoja ana tukio la kumtetea. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro ya usalama, cha tundu ambalo baadaye lilipitiwa na WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia. Shambulio likaanza tarehe 12 Mei. Hospitali na viwanda vilivyolemewa vilikuwa na karibu miezi miwili ya kujiwahi. Huyo ni shahidi wa mkuu wako. Shahidi wako ni tarehe 19 Julai 2024, pale faili moja lenye kasoro kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Nyingi zilihitaji mtu aisimamie kila mashine, aiwashe katika hali salama na kulifuta faili lile kwa mkono.

Basi gawa mashine kwa makundi. La kwanza liwe dogo lakini la kweli: yako mwenyewe, moja ya uhasibu yenye zile programu za zamani zinazosumbua, na moja ya mtu anayefanya kazi akiwa nje ya ofisi. Zikikaa siku mbili tatu bila malalamiko, fungulia wengine, na uweke siku ya mwisho ambayo mtumiaji hawezi tena kubofya kitufe cha "Baadaye". Tundu likiwa linashambuliwa tayari, fupisha siku hizo ziwe saa. Wala usikubali kiongozi yeyote aombe mashine yake iachwe nje ya mpango. Mafaili mazito kuliko yote yako kwake.

Julai ile ilionyesha kitu kingine kinachosahauliwa sana. Mashine iliyosimbwa kwa BitLocker, ukitaka kuitengeneza kwa njia ile, huweza kukudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ufunguo huo unapaswa kuwa umehifadhiwa kwenye wingu tangu siku mashine iliposajiliwa, na uweze kuufikia hata kama kompyuta zote za ofisi zimekufa. Jaribu wiki hii: chagua mashine yoyote, kaa na simu yako tu, utafute ufunguo wake. Ukishindwa kuuona, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya masasisho.

Na ukiwa kwenye dashibodi, chuja mashine zilizobaki na Windows 10. Msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Kama msimamizi anaweza kufuta vifaa vyetu vyote, nani anamlinda yeye?
*Mjumbe wa bodi*

Swali hili lingepaswa kuulizwa na kila bodi. Anayeiba akaunti ya msimamizi hahitaji kirusi chochote. Anatumia vitufe vile vile tulivyovizungumza hapo juu, kwa vifaa vyote kwa mkupuo. Kwa hiyo msimamizi awe na akaunti mbili: moja ya barua pepe na kazi za kila siku, nyingine ya usimamizi tu, inayofunguliwa kwa ufunguo halisi wa usalama wa kuchomeka, si kwa meseji ya simu. Baadhi ya huduma za kusimamia vifaa, Intune ya Microsoft ikiwemo, zinaweza kudai mtu wa pili aidhinishe amri nzito kama ya kufuta kifaa. Washeni hilo. Kuwe na akaunti moja ya dharura, nywila yake imefungiwa mahali panapojulikana na watu wawili, na kila inapotumika bodi ipate taarifa.

Kama mnatumia iPhone au Mac, ulizeni pia kuhusu cheti cha Apple kinachoiwezesha programu kuwasiliana na vifaa. Kinaisha kila mwaka, na lazima kihuishwe kwa akaunti ile ile iliyokitoa. Nimekuta ofisi ambazo cheti kilitolewa kwa akaunti binafsi ya fundi aliyekwisha kuondoka. Ikipotea akaunti hiyo, kila kifaa cha Apple huenda kikahitaji kusajiliwa upya, kimoja kimoja. Mwombeni msimamizi awaonyeshe kwenye skrini tarehe ya mwisho ya cheti hicho na barua pepe iliyoandikwa kando yake. Ikiwa ni ya mtu na si ya ofisi, wasilianeni na Apple mapema, cheti kikiwa bado hai.