Usinunue Tanga la Ubao kwa Jedwali la Pwani

Juzi kijana mmoja wa Musoma kaniandikia. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akafika kwenye shida yake: amepata hela, anataka tanga jipya la ubao wa kuteleza majini kwa upepo (windsurfing), la kurukia mawimbi na kufanyia mbwembwe, yaani michezo ya hewani, achukue saizi gani? Mwishoni, kama mtu anayeona haya kuuliza, akaongeza: "Eti kaka, ni kweli wanavyosema kwamba ziwani hakuna upepo wa maana?"

Swali la saizi ningelijibu kwa mistari miwili. Hilo la pili ndilo lililonikalisha kitako, maana najua linakotoka.

Mimi nilijifunzia Luchelele, hapa Mwanza, kwa vifaa alivyoviacha mzungu mmoja aliyemaliza mkataba akarudi kwao: ubao mzito wa kizamani, mlingoti wenye ufa tulioufunga kwa utepe, na tanga ambalo plastiki yake ilishageuka manjano na kukatika kama ganda la kitunguu. Miaka ya kujifunza naiacha. Kuanguka majini na kupanda tena hakuna hadithi, na wewe unayesoma hapa nadhani umeshaanguka vya kutosha. Ikafika siku nikaweza kugeuza ubao bila kupoteza mwendo, nikaanza kutazama video za wanaorukaruka, na tanga la mzungu likapasuka kutoka juu hadi chini. Nikaweka akiba, nikapanda basi kwenda pwani.

Muuzaji niliyemkuta, simtaji jina wala duka, aliniuliza natokea wapi. Nikamwambia Mwanza. Akawageukia wenzake: "Jamaa anataka tanga la mawimbi, eti la kuchezea kwenye bwawa!" Wakacheka wote. Akanionyesha jedwali lililobandikwa ukutani: kilo zako hizi, upepo huu, basi tanga lako ni la mita za mraba 4.7, lipia. Sikulipia. Ningependa kusema nilikataa kwa sababu ya utaalamu, lakini ilikuwa hasira tupu. Nilirudi Mwanza mikono mitupu, njia nzima nikilirudia neno lile, bwawa, na hadi leo nikilisikia tumbo linajikunja.

Hasira ile ilinifaa. Nilipofika nyumbani nikaanza kuuliza na kusoma kwa nini tanga lile lile la 4.7 nililoazimwa na rafiki pale pwani lilinivuta vizuri, na huku ziwani, kwenye upepo ambao kipimo kinasema ni ule ule, tanga la ukubwa huo linanyong'onyea. Jibu halimo kwenye jedwali la ukutani, kwa sababu jedwali lile limeandikwa kwa watu wa baharini.

Uso wa Ziwa Victoria uko kwenye mwinuko wa mita kama 1,134. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Zanzibar. Kanieneo yake, yaani mgandamizo wake, iko chini kwa takriban asilimia 12. Nguvu ya upepo kwenye tanga inategemea kasi ya upepo, ukubwa wa tanga na uzito wa hewa yenyewe. Upepo wa noti 18 (noti ni maili ya baharini kwa saa) wa Igombe, hapa Mwanza, si noti 18 za Unguja, hata kama kipimo chako kinaandika namba moja. Hata injini ya boti hupungua nguvu kwa sababu hiyo hiyo, hewa haba. Kwa hiyo chochote jedwali la pwani linachokwambia, ongeza karibu sehemu ya kumi. Likisema 4.7, wewe fikiria 5.2 au 5.3. Likisema 5.3, fikiria 5.8. Na kuna nyongeza ambayo hakuna aliyewahi kuniambia dukani: maji yetu hayana chumvi, kwa hiyo yanabeba pungufu kidogo kuliko ya bahari. Ubao wa lita 100 unapoteza kama kilo mbili na nusu za kukuelea. Si nyingi, lakini upepo ukikatika ghafla mbele ya rasi ya Capri Point, umesimama kwenye ubao mdogo na maji yamekufika vifundoni, utazihesabu.

Upepo wa maana upo, mdogo wangu. Una ratiba yake tu. Asubuhi unatoka nchi kavu, hauna mwili. Kisha unalala. Ardhi ikishapata joto unageuka na kuja kutoka ziwani, na kiangazi, Juni hadi Septemba, pepo za kusini-mashariki nazo zinaingia kwenye hesabu. Wavuvi wenye mitumbwi ya tanga wamepanga maisha yao kwa ratiba hiyo tangu zamani, hawakusubiri mtu wa pwani awape ruhusa. Ubaya wa upepo wetu ni kwamba hauji sawasawa. Mwanza ni jiji la miamba na vilima, na vilima vinaukata: unavutwa kwa nguvu, unaachwa, unavutwa tena.

Hapo ndipo uchaguzi wa tanga unapoanza, kwenye maji yako na upepo wako. Kabla ya kuangalia rangi.

Matanga ya mawimbi halisi yametengenezwa kwa ajili ya sehemu kama Ho'okipa kule kisiwa cha Maui, Hawaii, ambako wimbi kubwa linakuja toka mbali, linavunjika juu ya mwamba, na likikuangukia linaweza kuuvunja mlingoti wako vipande. Kwa hiyo tanga lenyewe limejaa plastiki yenye nyuzi ndani yake na viraka vya kuimarisha, na chini limekatwa juu kidogo ili maji yasilikamate. Mawimbi yetu ni mafupi, yamesimama wima, yamebanana. Yanafaa kurukia. Kuyapanda kwa muda mrefu sahau, labda siku ambayo ziwa limechafuka, na siku hiyo mimi niko nyumbani. Ukinunua tanga zito la mawimbi unabeba uzito wa kujikinga na wimbi lisilokuja.

Matanga ya mbwembwe tupu ni upande wa pili: mafupi mlingotini, mepesi, ukilegeza mkono tu linakuwa kama halipo, na hicho ndicho unachokitaka unapozunguka nalo hewani au unapopita chini yake. Lakini mengi ni laini mno. Ule upepo wetu wa kuvuta na kuachia ukiongezeka, tumbo la tanga linahamahama na mikono inachoka.

Mimi nimechagua katikati, tanga la mawimbi jepesi lenye fito nne. Fito ni vile vijiti vinavyolipa tanga umbo. Fito tatu zinafanya tanga liwe jepesi na lenye tumbo, ubao unaanza kuteleza mapema lakini upepo ukizidi linapapatika. Tano zinalituliza hata kwenye upepo mkali, ila ni zito na gumu kugeuza. Nne zinatosha. Wapo watakaobisha, hasa vijana wepesi wa kilo 60 wanaoapa kwa fito tatu. Waache. Mimi nina kilo 78 na goti moja halinitii.

Sasa mlingoti, na hapa naomba unisikilize, kwa sababu watu wananunua tanga wakidhani mlingoti ni mti tu. Kila tanga limeshonwa kufuata mkunjo wa mlingoti fulani. Ipo inayopinda sawasawa juu na chini, ipo inayolegea zaidi juu, ipo iliyo migumu juu. Ukichanganya, tanga linakuwa na mikunjo ambayo hutaiondoa hata uvute kamba hadi viganja vitoke damu. Soma maandishi yaliyo chini ya tanga: yanakwambia urefu wa mlingoti, aina yake, na tanga linahitaji sentimita ngapi mlingotini na ngapi kwenye mpini wa kushikia. Kwa matanga yetu chukua mlingoti mwembamba, ule unaoandikwa RDM, wa sentimita 400, wenye kaboni asilimia 75 au zaidi. Huo utakuvusha kuanzia 4.7 hadi karibu 5.8. Nusu ya bajeti iende huko kama ikibidi. Tanga la kawaida kwenye mlingoti wake linashinda tanga la kifahari kwenye mlingoti wa jirani, hilo nimeliona kwa macho yangu pale Igombe, kwa jamaa mwenye hela ambaye bado ananiuliza kwa nini nampita.

Halafu usipeleke pesa yote kwenye matanga mengi. Mawili, mlingoti mmoja. Mimi nina 5.8 ya siku za kawaida na 5.2 ya mwezi wa saba na wa nane. Mtu wa kilo 65 ashuke nusu mita ya mraba. Muuzaji atakwambia unahitaji manne. Ni kazi yake kusema hivyo.

Haya matanga yangu niliyapata mwaka huu, mapya, yakiwa bado na harufu ya kiwandani, na sikuyanunua kwa yule aliyenicheka. Jumamosi moja upepo ulikuja mapema, nikashuka Igombe, nikaanza kuunga tanga ufukweni. Kina mama walikuwa wameanika dagaa eneo lote. "Ng'wanawane, ukinikanyagia dagaa zangu nalichana hilo guo lako," akaniambia mmoja, yaani mwanangu kwa Kisukuma, na nikajua hatanii. Nikalibeba juu kichwani hadi majini. Nilikuwa nimehangaika sana na ule mruko unaoitwa Vulcan: unaruka, ubao unazunguka nusu duara hewani, mikono inahama kutoka upande mmoja wa mpini hadi mwingine, unatua ukirudi kinyumenyume. Tanga la zamani lilikuwa linaning'ang'ania pale pale mikono inapotaka kuhama. Hili jipya liliniachia. Nikatua, nikateleza kinyumenyume, nikapiga kelele peke yangu katikati ya ziwa. Yule mama wa dagaa akasimama kunitazama. Niliporudi aliniuliza nimefukuzwa na kiboko au vipi.

Kwa hiyo mkituita watu wa bwawa, tuiteni. Kiri Thode na ndugu wawili Taty na Tonky Frans, majina yanayoheshimika dunia nzima kwenye mbwembwe za ubao, ni watoto wa Bonaire, kisiwa kidogo cha Karibi, waliokulia kwenye ghuba ya Lac ambayo maji yake sehemu kubwa ni ya kufika kiunoni na hayana wimbi la kutisha. Sarah-Quita Offringa, bingwa wa dunia mara nyingi, anatoka Aruba, kisiwa ambacho wengi wenu mngekitafuta ramani nzima. Vijana wa Ukerewe, wa Musoma, wa Bukoba, mna maji tulivu nyuma ya kila kisiwa. Acheni kutazama simu mkisema ningezaliwa kwingine. Acheni kununua tanga kwa sababu fulani wa kwenye video analo. Fulani anapewa bure, tena mapya kila msimu, na habebi kwenye buti la basi kutoka Dar.

Na mkienda majini vaeni jaketi okozi, hata mkiwa mabingwa. Mama yangu hajawahi kuja kunitazama. Alikuwa Mwanza Mei 1996 MV Bukoba ilipozama ikija huku, na kwake ziwa limebaki lile la wiki ile. Sibishani naye. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa narudi ufukweni, hata kama tanga ndiyo kwanza limeanza kuvuta. Kichocho nacho kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia penye majani, basi pimeni na mnywe dawa bila aibu.

Utunzaji nitausema haraka. Jua letu hapa karibu na ikweta ndilo linaloua matanga, kuliko mawimbi. Plastiki angavu ikiachwa juani mchana kutwa inakauka na kupasuka. Ukitoka majini, livue, lisuuze mchanga, likunje kwa kulizungusha, lisikunjwe kama shuka, uliweke kwenye mfuko wake kivulini. Likichanika padogo, usikimbilie kulitangaza kuwa limekufa. Mafundi wanaoshona maturubai ya malori wana cherehani nzito na uzi usiooza. Mpelekee plastiki ya kiraka na umsimamie ashone kwa zigizagi, na umkataze kabisa kutumia ile gundi yake ya viatu. Fundi wangu ameshazoea. Mara ya kwanza aliniuliza gari lenyewe liko wapi.

Kuhusu usafiri, mlingoti unaotenganika vipande viwili ndio pekee utakaokubaliwa na makondakta bila kelele. Ufunge pamoja na fito ndani ya bomba la plastiki la maji, ziba ncha zote mbili, na ukae upande ambao unaliona buti likifunguliwa kila kituo. Ukifika Mwanza, fungua bomba mbele ya wakala kabla ya kusaini.